Vipira vya biskuti vya sikukuu na safari ndefu ya kakao yetu

Na Mwandishi Wetu

PAKITI mbili za biskuti, kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, vijiko vichache vya kakao ya unga na nazi kavu iliyokunwa. Hivyo ndivyo vitu anavyohitaji mama wa nyumbani au kijana asiye na oveni kutengeneza vipira vitamu vya kuweka mezani wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, pembeni ya kalimati, visheti na keki.

Kwa wengi ni kitafunwa tu cha watoto. Lakini kwa mjasiriamali anayeuza boksi la vipira sita ofisini au kanisani, na kwa mkulima wa Kyela ambaye mti wake ndio chanzo cha ile kakao, kipira hicho kina hesabu ndani yake. Hesabu hiyo ilivurugika vibaya mwaka 2024 na hadi leo haijatulia.

Tuanze jikoni. Biskuti za Marie au zozote zisizo na krimu, gramu 400, hutwangwa kwenye kinu kisafi au kusagwa kwa chupa ndani ya mfuko wa plastiki hadi ziwe kama chenga. Huchanganywa na kakao ya unga vijiko sita vya chakula, kisha kopo zima la maziwa mazito, lile la gramu 397. Mchanganyiko ukishakamatana huwekwa kwenye friji nusu saa, halafu huviringishwa kwa mikono iliyopakwa siagi kidogo na kugaragazwa kwenye nazi kavu. Kipira kikiwa na gramu 20, utapata vipira 42 hivi. Hakuna moto wala mayai, na hakuna keki ya kuungua.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Wako wanaobana matumizi kwa kuongeza unga wa ngano mbichi ili vipira viwe vingi. Wasifanye hivyo. Biskuti imeshapita kwenye oveni ya kiwandani, unga haujapita popote, na unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Nako kugaragaza kwenye nazi badala ya kuvika chokoleti si urembo tu. Mafuta ya kakao huanza kuyeyuka yakifika nyuzi joto 32 hadi 34, na Dar es Salaam ya Desemba msomaji anaijua. Boksi la chokoleti likipanda daladala Mbagala kwenda Posta litafika likiwa uji, la nazi litafika salama.

Sasa hesabu. Bei za dukani hutofautiana mtaa kwa mtaa, hivyo hizi ni za mfano, na msomaji aweke zake. Tuchukulie biskuti Sh3,000 kwa pakiti mbili, maziwa ya kopo Sh4,500 na nazi kavu gramu 100 Sh2,500. Kakao ya unga ya gramu 100 tuipe Sh7,000, na kwa kuwa inatumika gramu 40 hivi, gharama yake ni Sh2,800. Vifungashio saba vya Sh500 ni Sh3,500. Jumla ni Sh16,300, yaani kila kipira kimegharimu Sh388. Ukikiuza Sh500 utapata Sh21,000, na faida ni Sh4,700 kabla ya kujilipa jasho na nauli.

Kakao hapo ni kama asilimia 17 tu ya gharama zote. Ndiyo maana watu wengi hawaiangalii. Lakini bei ya kopo ikipanda mara mbili, gharama nzima inafika Sh19,100 na faida inashuka hadi Sh1,900. Kitu ambacho ni sehemu ya sita ya gharama kimekula zaidi ya nusu ya faida. Mwenye duka kubwa anaweza kupandisha bei usiku mmoja. Anayeuza kipira Sh500 hawezi, kwa sababu mteja wake ana sarafu ya Sh500 mkononi na hataki kusikia habari za Sh575.

Na bei ya kakao ilipanda kuliko hata mara mbili. Mwishoni mwa Machi 2024, kwenye soko la New York, tani moja ya kakao ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa mara ya kwanza katika historia. Desemba mwaka huohuo, wiki moja kabla ya Krismasi, ilikaribia dola 13,000. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa ikizunguka dola 2,500.

Chanzo kilikuwa Afrika Magharibi. Ivory Coast na Ghana kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Mwaka 2023 mvua zilinyesha kupita kiasi, ugonjwa wa kuoza kwa matunda ukashika, na ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi, ambao hauna dawa zaidi ya kukata mti, ukaendelea kusambaa. Miti mingi huko ni mizee. Nchini Ghana mashamba mengine yaliuzwa kwa wachimbaji haramu wa dhahabu. Na kwa miaka mingi mkulima alilipwa kidogo mno, hivyo hakupanda miti mipya wala kununua mbolea. Upungufu ulipofika, hapakuwa na akiba ya kuuziba.

Baadaye upepo uligeuka. Bei ile ya kutisha iliwafanya watengenezaji wa Ulaya na Marekani wapunguze kakao kwenye bidhaa zao, wengine wakaweka mafuta ya aina nyingine na wengine wakapunguza ukubwa wa pakiti. Mavuno nayo yakapata nafuu. Kufikia Novemba 2025, tani moja ilikuwa imeshuka chini ya dola 6,000. Ilikuwa bei ya juu bado ukilinganisha na zamani, lakini kwa aliyekopa akitegemea dola 12,000 yalikuwa maporomoko.

Huku kwetu, kakao ya Tanzania hulimwa zaidi Kyela mkoani Mbeya, halafu Rungwe na Busokelo, kisha Kilombero na maeneo mengine ya Morogoro, na kidogo Muheza mkoani Tanga. Kiasi chetu ni kidogo, tani elfu kumi na kitu kwa mwaka, tone ndani ya ndoo ya dunia. Hata hivyo ina sifa nzuri, na sehemu kubwa hulimwa bila kemikali za viwandani, jambo ambalo wanunuzi wa Ulaya hulipenda.

Kyela imekuwa chini ya mfumo wa stakabadhi za ghala kwa miaka kadhaa. Mkulima hupeleka kakao iliyochachushwa na kukaushwa kwenye AMCOS, inapimwa na kuwekwa ghalani, kisha inauzwa kwa mnada, ambao siku hizi hupitia mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kabla ya hapo ulanguzi ulitawala. Wanunuzi walizunguka vijijini wakinunua kakao mbichi, ambayo kule huitwa njemke, kwa bei ya kutupa na mara nyingi ikiwa bado mtini, kutoka kwa mkulima mwenye mgonjwa au ada ya shule.

Mwaka 2024 mfumo huo ulionyesha faida yake. Bei mnadani ilivuka Sh20,000 kwa kilo, kiwango ambacho mkulima wa Kyela hakuwahi kukiota. Nyumba ziliezekwa, pikipiki zikanunuliwa. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani bei ikipanda ni balaa kwa kila mtu. Kwa mtengeneza vipira wa Sinza ilikuwa balaa. Kwa mkulima ilikuwa malipo ya miaka mingi ya kupunjwa.

Lakini hapa ndipo kichekesho kilipo. Mkulima wa Kyela na mtengeneza vipira wa Sinza wako nchi moja, lakini kakao ya mmoja haimfikii mwingine. Mbegu zinaondoka kwa magunia hadi bandarini, zinakwenda Ulaya au Asia, zinakaangwa, zinakamuliwa, na unga unarudi ndani ya kopo lenye picha nzuri ukiwa umelipiwa meli mara mbili, faida ya kiwanda, ushuru na faida ya mwenye duka. Linganisha tu: kilo ya mbegu Sh20,000 katika mwaka wa bei ya juu kabisa, na kilo ya unga kwa bei yetu ya mfano Sh70,000.

Mtu atauliza kwa nini tusisage wenyewe. Jibu la kawaida ni kwamba mtambo ni ghali, na jibu hilo lina ukweli. Mbegu ya kakao, ukiondoa ganda, nusu yake na zaidi ni mafuta. Ili upate ule unga mkavu wa kopo lazima uyakamue mafuta hayo kwa mashine yenye mgandamizo mkubwa, teknolojia iliyoanzia Uholanzi mwaka 1828 kwa familia ya Van Houten. Mafuta huuzwa kwa watengeneza chokoleti na vipodozi, na unga ni kile kinachobaki. Kiwanda cha namna hiyo hakiendeshwi kwa gunia mbili. Kinahitaji maelfu ya tani, umeme usiokatika na mnunuzi wa uhakika wa mafuta. Kwa uzalishaji wetu, anayeahidi kiwanda kikubwa cha kukamua kakao kila wilaya anatafuta kura.

Hata hivyo swali lenyewe limeulizwa vibaya. Kipira cha biskuti hakihitaji unga uliokamuliwa.

Mbegu iliyochachushwa vizuri na kukauka, ukiikaanga kwa moto wa wastani kama unavyokaanga karanga, ganda linaachia. Ukipepeta kwenye ungo unabaki na vipande vya kahawia vyenye harufu kali. Ukivipitisha kwenye mashine ya kusaga siagi ya karanga, ile inayopatikana karibu kila soko, unapata rojo zito jeusi. Rojo hilo lina mafuta yake yote, hivyo likipoa huganda. Kwa mtengeneza keki hiyo inaweza kuwa shida, kwa kuwa keki inataka unga mkavu. Kwa kipira ni faida: yale mafuta ndiyo yanayokikamata kipira kikiwa kwenye friji, na huna haja ya kuongeza siagi.

Kilo moja ya mbegu kavu, ukiondoa ganda na unyevu unaopotea kwenye kikaango, hutoa kama gramu 750 za rojo. Hata kwa bei ya Sh20,000 kilo ya rojo itakuwa imegharimu Sh26,700 hivi, ongeza na ya kusaga. Kwa kuwa lina mafuta mengi, ladha yake ni ndogo kidogo kuliko unga, basi weka gramu 60 badala ya 40. Gharama ni kama Sh1,600 badala ya Sh2,800. Mbegu ikishuka hadi nusu ya bei hiyo, gharama ni Sh800. Faida ya boksi saba inapanda kutoka Sh4,700 hadi zaidi ya Sh6,500, na mteja hajaongezwa hata senti.

Nilijaribu mwenyewe nyumbani kwa kilo moja niliyoletewa zawadi na rafiki aliyetoka Kyela. Mara ya kwanza niliunguza. Kakao haisemi ikiungua, inanuka vizuri hadi dakika ya mwisho, halafu ghafla ni chungu na haifai. Mara ya pili nilikaanga kidogokidogo na kuonja kila baada ya dakika chache. Watoto hawakugundua kwamba haikutoka kwenye kopo, na hilo kwangu lilikuwa cheti cha kutosha.

Tatizo linakuja kwenye kununua. Mnada wa ghalani unauza kwa tani, na mnunuzi ni kampuni yenye leseni, dhamana na malori. Mama anayetaka kilo tano za kutengenezea vipira vya Krismasi hana pa kusimama pale. Akimfuata mkulima nyumbani, mkulima anaogopa, na ana sababu ya kuogopa, kwa kuwa kuuza nje ya mfumo ndiko kulikopigwa marufuku. Mfumo uliotengenezwa kumzuia mlanguzi wa tani kumi umemzuia pia mnunuzi wa kilo tano.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Viongozi wa ushirika hawakosei wanaposema kwamba tundu dogo ndilo panya hupitia. Ukiruhusu kilo tano leo, kesho mlanguzi atatuma watu mia moja, kila mmoja na kilo tano zake. Bei nzuri ya 2024 ilipatikana kwa sababu mzigo wote ulikuwa sehemu moja na wanunuzi walilazimika kushindana. Mfumo ukivuja, mkulima atarudi kwa mwenye mizani ya kuchezewa.

Kwa maoni yangu, zote mbili zinaweza kuzingatiwa kama AMCOS yenyewe ndiyo itakuwa muuzaji. Baada ya kila mnada, chama kitenge magunia machache ya kakao iliyochachushwa na kukaushwa, kiyauze kwa kilo kwa wasindikaji wadogo kwa bei ileile ya mnada pamoja na gharama za chama, kwa risiti na kwa kuandika jina la mnunuzi. Njemke isiguswe. Mlanguzi hatapata faida yoyote kwa kununua kwa bei ya mnada, hivyo hatakuwa na sababu ya kutuma watu mia. Mkulima hapotezi kitu. Na kakao iliyouzwa nchini haitapangiwa bei na mvua ya Ghana peke yake.

Brazil ilipita njia hii kwa namna yake. Mwaka 1989 ugonjwa wa fagio la mchawi uliingia katika mashamba ya jimbo la Bahia, na katika miaka michache mavuno yakashuka kwa zaidi ya nusu. Nchi iliyokuwa mojawapo ya wauzaji wakubwa duniani ikajikuta mara nyingine inaagiza kakao kutoka nje. Lakini viwanda vyake havikufa, kwa sababu Wabrazili wenyewe wanakula chokoleti. Kitafunwa chao cha kila sherehe huitwa brigadeiro, ni kipira cha maziwa mazito na kakao, ndugu wa hiki chetu. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba kilipewa jina la Brigedia Eduardo Gomes, aliyegombea urais mwaka 1945, kwa kuwa wafuasi wake walikiuza kuchangia kampeni. Uchaguzi alishindwa, kipira kikabaki. Leo ni biashara ya maelfu ya akinamama wanaotengenezea majumbani.

Kakao si kitu pekee kwenye kipira kinachotoka mbali. Biskuti ni ngano, na Tanzania inahitaji karibu tani milioni moja za ngano kwa mwaka huku ikivuna takriban tani laki moja tu. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya unga ilifika hadi vijijini. Hapo mjasiriamali hana la kufanya zaidi ya kutafuta biskuti zilizovunjika zinazouzwa kwa kilo. Zikiwa ndani ya muda wake wa matumizi na hazijapata unyevu zinafaa kabisa, kwani utazivunja tu.

Kwenye maziwa kuna nafuu zaidi. Lita moja ya maziwa freshi na gramu 200 za sukari, ukichemsha kwa moto mdogo huku unakoroga, vitakupa kama gramu 400 za maziwa mazito, sawa na kopo moja. Maziwa yakiwa Sh2,000, sukari Sh600 na mkaa Sh700, umelipa Sh3,300 badala ya Sh4,500. Lakini utasimama jikoni zaidi ya saa nzima, na ukigeuza uso yanashika chini. Anayetengeneza sufuria moja apike, anayetengeneza vipira 400 anunue makopo na atumie muda huo kutafuta wateja. Sukari nayo iangaliwe. Mapema mwaka 2024, mvua za El Nino zilipozuia viwanda kuvuna miwa, Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja, ilhali mitaani kilo ilikuwa imevuka Sh4,000.

Kwa anayetaka kuuza, asiishie kwenye ladha. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, siyo tena iliyokuwa TFDA, na mjasiriamali mdogo huanzia SIDO ya mkoani kwake kwa mafunzo na barua ya utambulisho. Duka la kujihudumia halitapokea boksi lisilo na alama, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vipira vya nazi kavu hukaa kwenye friji wiki moja bila wasiwasi. Ukitumia nazi mbichi ya kukuna, ikaushe kwanza kwenye kikaango kwa moto mdogo hadi isinate vidoleni, vinginevyo siku ya tatu utasikia harufu na mteja hatarudi.

Oda nyingi huja siku kumi za mwisho kabla ya Krismasi, wakati ambapo bei za dukani zinapanda na umeme nao hauaminiki. Biskuti, maziwa ya kopo na nazi kavu havina haraka ya kuharibika, hivyo vinunuliwe wiki ya kwanza ya Desemba. Rojo la kakao likihifadhiwa kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa hukaa miezi. Aliye na ndugu Kyela au Kilombero amwombe leo kilo moja ya zawadi, iliyochachushwa siku tano hadi saba na kukauka hadi ikikandamizwa inapasuka. Akiona ndani ya mbegu kuna rangi ya zambarau badala ya kahawia, basi haikuchachuka vya kutosha, na uchungu wake hautafunikwa na sukari yoyote.